Bibi wa foleni ya Jumanne

Mhariri, wiki hii umeuliza wagonjwa na wananchi washirikishwe vipi katika kukabili madhara ya mabadiliko ya tabianchi kwa afya. Mimi ni mama wa kijana mwenye kisukari cha aina ya kwanza, naishi Garissa. Naomba tuitwe mapema, mpango ukiwa bado haujaandikwa.

Mwanangu alipoanza sindano za insulini, dawa ya kushusha sukari, sista wa kliniki aliniambia, "Mama, insulini weka kwenye friji, ila isigande." Nikamwambia, "Sista, friji sina." Akanyamaza, kisha akarudia yaleyale. Simlaumu, ndivyo alivyofundishwa: kichupa ambacho hakijafunguliwa kikae kati ya nyuzi 2 na 8. Lakini nyumba yangu ni ya mabati, na Machi hapa kwetu ni tanuri.

Aliyeniokoa ni bibi mmoja niliyekaa naye kwenye foleni. Vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, mchanga katikati, dawa ndani ya kile kidogo, unaumwagia maji asubuhi na jioni, unafunika kwa kitambaa kibichi, unaweka kivulini penye upepo. Hewa yetu ni kavu, maji hukauka upesi na kuondoka na joto. Dada yangu wa Mombasa alijaribu, chungu chake hakikupoa kama changu, kwa sababu hewa ya pwani ina unyevu. Mambo kama haya wagonjwa tunayajua, na sijawahi kuona mtu wa kaunti akija kuyauliza.

Kaunti hii hii, katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley kule Dadaab, wagonjwa walilazimika kwenda hospitali kila siku kudungwa, maana nyumbani hapakuwa na friji. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva wakaenda kupima joto ndani ya nyumba zenyewe: nyuzi 25 usiku, 37 mchana. Wakaiweka insulini katika joto hilohilo maabara, na matokeo yaliyochapishwa 2021 yakaonyesha kwamba nguvu yake ilidumu wiki 4. Niliposoma hayo nililia. Miaka yote nilidhani namdunga mwanangu maji.

Halafu kuna mafuriko. Mvua za El Niño mwishoni mwa 2023, na tena Aprili 2024, mto Tana ulivunja kingo na barabara ya Madogo, ng'ambo ya mto, ikamezwa. Mashua ikazama, watu wakafa. Sisi wagonjwa wa kliniki tulijua nani anaishi ng'ambo na amebakiwa na dawa ya siku ngapi. Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza mapema kwamba mvua za mwisho wa 2023 zingekuwa kubwa. Kama tungeulizwa, tungesema: pelekeni akiba zahanati ya ng'ambo yenye friji ya chanjo, na orodha ya wagonjwa apewe mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye siku hizi ana mashine ya kupima sukari mfukoni.

Kwa hiyo nataka wagonjwa wawili, angalau, kwenye kamati ya maafa ya kaunti. Walipwe nauli. Mkutano uwe kwa Kiswahili na Kisomali. Na wa kwanza kuitwa awe bibi yule. Hadi leo kila Jumanne yuko foleni, anawaonyesha akina mama wapya jinsi ya kupanga vyungu.