Usitie sahihi siku unayopewa pesa

Weka kalamu chini! Una miaka 20, ajenti wa mheshimiwa anataka wimbo wa kampeni za 2027, analipa leo jioni, na swali lako ni ununue kinanda gani na kama uache chuo?

Mimi nilikuwa na 19, mtaa wa Huruma, Nairobi, Novemba 2007, kampeni za uchaguzi zikiwa zimepamba moto. Nilikuwa nimetunga kibwagizo cha amani. Prodyuza mmoja wa River Road, mtu niliyemwita kaka na kumbebea nyaya bure mwaka mzima, akaniletea ajenti. Shilingi 5,000 taslimu. "Tia sahihi hapa, ni risiti tu," akasema, akanipa kalamu yake mwenyewe. Nikatia. Upande wa pili sikugeuza. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema haki za mtunzi hazihamishwi bila maandishi yenye sahihi yake, kwa hivyo bila mkono wangu hawakuwa na kitu. Nikawapa mkono, na CD ya biti tupu, muziki bila maneno, juu yake, kama mama mboga anavyokuongezea dania.

Wiki mbili baadaye niko foleni ya maji, pikapu ya spika ikapita. Kibwagizo ni changu. Maneno si yangu: yanawaambia watu fulani warudi kwao. Mama wa mlango wa pili, aliyenisikia nikikifanyia mazoezi koridoni mpaka akakijua, aligeuka akanitazama. Akabeba mtungi wake ukiwa nusu, akaenda.

Matokeo ya urais yakatangazwa Desemba 30, ghasia zikazuka, mtaa ukawaka. Mama yule alihama na watoto, godoro kichwani. Kofi Annan, mpatanishi kutoka nje, anapowapatanisha wakubwa wa siasa Februari 28, 2008, mlango wake ulishakuwa na kufuli la mtu mwingine. Mimi nilijificha siku nne chini ya kitanda cha shangazi Kariobangi. Besi nilijifunzia huko, kwa mapigo ya moyo.

Na prodyuza? "Muziki ni biashara, kaka." Kinanda nilichomwachia anitunzie anacho hadi leo, kwa hivyo mambo ya vinanda usiniulize mimi.

Mwambie ajenti unalala na karatasi. Mpe mtu aisome, pande zote mbili, uirudishe keshokutwa. Akisema ni leo au basi, basi. Biti tupu usimpe hata akilia.

Anakuja saa ngapi? Jibu hapa kabla hajafika.