Shangazi, kuhusu watoto kuchukuliwa huku Marekani

Shangazi, shikamoo. Jumapili uliniuliza kama ni kweli huku ukimzaba mtoto kibao serikali inambeba. Nikacheka, nikakukwepa. Leo nakujibu, na ukoo mzima usome, maana swali hili mnaniuliza wote.

Kibao ni sehemu ndogo. Wazazi wengi wanaochukuliwa watoto huandikiwa kosa la kutomtunza mtoto, na nyuma ya maneno hayo mara nyingi kuna ugonjwa: sonona, pombe, unga. Jaji anampa mzazi orodha: atibiwe, apimwe mkojo, asome darasa la malezi, aonane na mwanawe kwa saa zilizopangwa, mbele ya msimamizi. Kuanzia hapo miezi inahesabiwa. Sheria ya mwaka 1997 inasema mtoto akikaa nje ya kwao miezi 15 kati ya 22, kwa kawaida jimbo lifungue shauri la kumvua mzazi haki zake zote. Mtu wa unga anapona lini? Wewe una mjomba, unajua.

Sasa rangi. Methadoni, ile dawa ya kuwatibu watu wa unga, unaifahamu, Muhimbili wanaitoa tangu 2011, na umeona watu wanavyopanga foleni kila siku. Huku ipo nyingine, buprenofini: daktari anakuandikia, unaichukua duka la dawa, unakwenda zako kazini. Kwa miaka mingi hiyo imewafikia Wazungu zaidi. Weusi wengi wameachiwa foleni. Basi chukua mama asiye na gari, kibaruani anatakiwa saa moja asubuhi, dawa anaipata ng'ambo ya mji. Akichelewa mara mbili kumwona mtoto wake, faili linaandikwa hashirikiani. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyetaja rangi yake. Lakini watoto Weusi ni kama 14 katika kila watoto 100 wa nchi hii, na katika kila 100 walio mikononi mwa serikali wanazidi 20. Hapa Minnesota mwaka 2024 walipitisha sheria ya kuwabana wafanyakazi wa ustawi wahangaike kweli kuisaidia familia ya Mweusi kabla ya kuivunja. Nchi haitungi sheria ya namna hiyo kama hakuna tatizo.

Ya kwangu sasa, ambayo sikuwahi kukwambia. Nilipomzaa huyu wa pili ilikuwa Januari. Hakuna arobaini, hakuna mtori, baba yake yuko zamu ya usiku, theluji hadi dirishani. Nilikuwa nalia bila kujua nalilia nini. Kliniki wakanipa fomu ya maswali kumi ya kupima sonona. Nikajibu yote kama mtu mwenye furaha. Nesi huku sheria inamlazimisha kuripoti akihisi mtoto yuko hatarini, na mimi nilishasikia ya kutosha. Mwenzangu wa kazini, Mzungu, naye alijifungua mwaka ule ule. Yeye alijaza ukweli, akapewa dawa na mtu wa kuzungumza naye kila wiki. Wala hakuogopa, nilipomuuliza, hakuelewa hata ningeogopa nini.

Mimi nilikaa hivyo miezi minane. Ulipiga siku moja, ukasema sauti yangu imekauka, nikakwambia ni mafua. Shangazi, hayakuwa mafua.