Kutoka Dawati la Jinsia hadi Unaibu Makamu Mkuu wa Chuo: Niliyoyajua kwa Kuchelewa

Mara ya kwanza nilipoitwa kwenye usaili wa nafasi ya Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, upande wa Mipango, Fedha na Utawala, nilikuwa nimeratibu masuala ya jinsia na ujumuishi kwa miaka saba, na niliingia chumbani nikiamini kwamba hakuna mtu aliyeyajua maisha ya wanafunzi na watumishi wa chuo kile kuliko mimi. Swali la kwanza lilihusu madeni ya wazabuni. La pili lilihusu sehemu ya mapato ya ndani inayoliwa na mishahara ya watumishi wa mikataba. Swali la kwanza nililijibu kwa kueleza umuhimu wa kuwapa zabuni wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, jambo ambalo ni la haki na hata sheria ya ununuzi wa umma inalitambua, lakini halikuwa jibu la swali nililoulizwa. La pili nililijibu kwa maneno mengi yasiyo na tarakimu hata moja. Sikuipata nafasi ile, na kwa miezi kadhaa nilijiliwaza kwa kusema kwamba kamati haikumtaka mtu wa jinsia. Leo, baada ya kuketi upande wa pili wa meza ya namna hiyo mara kadhaa, nakiri kwamba kamati ilinitendea haki.

Naandika haya kwa ajili ya waratibu wa madawati ya jinsia (ofisi za chuo zinazosimamia usawa na kupokea malalamiko ya unyanyasaji wa kijinsia), maafisa wa ujumuishi na wasimamizi wa vitengo vya wanafunzi wenye mahitaji maalumu ambao wanatamani siku moja kuongoza ndaki, yaani koleji ndani ya chuo kikuu, au chuo kizima. Hapa Tanzania idadi yao imeongezeka. Mwongozo wa kuanzisha madawati ya jinsia katika taasisi za elimu ya juu na elimu ya kati ulitolewa mwaka 2021, na mwaka huohuo ulianza mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, maarufu kama HEET, ambao kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425 umevitaka vyuo vya umma viwe na sera za jinsia na taratibu za kushughulikia unyanyasaji wa kijinsia. Wahadhiri wengi, hasa wanawake, wamejikuta wamekabidhiwa dawati pamoja na vipindi vyao vyote vya kufundisha, bila mtu yeyote kuwaambia kazi hiyo inawapeleka wapi.

Tatizo la kiti hiki, kwa maoni yangu, ni kwamba kinakuonyesha chuo kizima bila kukupa fedha wala kura. Utajua ni bweni lipi halina taa kwenye njia ya kwenda maktaba, ni idara ipi imekaa miaka kumi bila kumpandisha mwanamke cheo, na ni mkufunzi gani ambaye wasichana wanakwepa kwenda ofisini kwake peke yao. Ujuzi huo ni hazina, na Amidi wa kitivo hana hata nusu yake. Lakini anayetafutwa kuongoza chuo hupimwa kwa maamuzi aliyowahi kuyafanya na kuyajibia, na mratibu wa dawati kwa kawaida hufanya mapendekezo, kisha wengine ndio wanaoamua.

Mimi nilihudhuria Seneti kwa miaka mingi nikiwa mwalikwa. Taarifa yangu ilipangwa karibu na mwisho wa ajenda, hatua moja kabla ya “Mengineyo”, saa ambayo wajumbe wameshaanza kufunga makabrasha na kutazama simu zao. Niliisoma kwa hisia, nikaeleza maumivu ya wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito au kwa kukosa mahali salama pa kulala, wajumbe wakatikisa vichwa kwa huruma, taarifa ikapokelewa, na basi. Siku moja profesa mmoja mzee wa uhandisi alinisimamisha nje ya ukumbi akaniuliza, “Dada, hao mabinti walioondoka wametugharimu kiasi gani?” Sikujua. Sikuwa hata nimefikiri kwamba swali hilo linaweza kuulizwa, na nakumbuka nilikasirika kidogo, nikaona kama anapima utu kwa shilingi.

Hasira ilipopoa nilikaa na mhasibu wa ndaki yetu jioni mbili. Chukua mfano wa wanafunzi 40 wanaokatiza masomo mwishoni mwa mwaka wa kwanza katika programu ya miaka minne, ambayo ada yake ni shilingi 1,300,000 kwa mwaka. Chuo kinapoteza shilingi 52,000,000 kila mwaka, na kwa miaka mitatu iliyobaki ni shilingi 156,000,000, ilhali walimu, vyumba na umeme vinabaki vilevile. Taarifa iliyofuata niliianza kwa hesabu za namna hiyo, nikaonyesha gharama ya chumba cha kina mama wanaonyonyesha na ya utaratibu wa kuahirisha masomo bila kupoteza alama, kisha nikaomba kasma yake katika bajeti ya mwaka uliofuata. Kwa mara ya kwanza niliulizwa maswali. Mkurugenzi wa Fedha alipinga baadhi ya makadirio yangu, tukabishana kwa takwimu, na tangu siku hiyo aliniona kama mtu anayeweza kuzungumza naye. Sijaacha kuamini kwamba haki ya msichana kusoma haihitaji kuthibitishwa kwa faida, ila nimejifunza kwamba atakayeongoza chuo hana budi kuyasema mambo yote mawili katika kikao kimoja.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uombe kazi zinazoshika fedha na vitu, hata kama zinachosha. Omba kuwa mjumbe wa kamati ya mipango na bajeti, wa bodi ya zabuni, wa kamati ya majengo. Jifunze jinsi malipo yanavyopita kwenye MUSE, mfumo wa ulipaji wa Serikali, na jinsi zabuni zinavyotangazwa kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Niliwahi kuandika barua tatu kwa idara ya milki, inayosimamia majengo ya chuo, nikidai njia ya mteremko kwa wanafunzi wanaotumia viti mwendo katika jengo jipya, nikinukuu Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, na kila mara nilijibiwa kwa heshima kwamba michoro ilikwisha kupitishwa. Nilipoingia kwenye kamati ya majengo ndipo nilipoelewa kwamba sheria ilikuwa upande wangu lakini barua zangu zilikuwa zikifika mwaka mmoja baada ya uamuzi. Jengo lililofuata lilikuwa na njia hizo tangu kwenye mchoro, pamoja na vyoo vinavyoingilika, na sikuandika barua yoyote. Zaidi ya hayo, nilikuwa nimejifunza kusoma makadirio ya gharama za ujenzi, ujuzi ambao ulinisaidia kwenye usaili wa pili kuliko warsha zote za uongozi nilizohudhuria.

Jambo la pili linauma zaidi kulisema, kwa sababu wengi wetu tumeshachelewa. Dawati linakula muda wa kuandika. Mlango unagongwa saa nne asubuhi na binti anayelia, na siku hiyo makala yako ya jarida haitaandikwa. Wiki inayofuata ni mafunzo ya viongozi wa wanafunzi. Mwezi unaofuata ni taarifa ya robo mwaka ya mradi. Nafasi za juu za taaluma katika vyuo vyetu hutarajia mtu aliyefikia angalau uprofesa mshiriki, na hakuna kamati ya upandishaji vyeo itakayohesabu machozi uliyoyafuta. Mimi nilikaa cheo cha mhadhiri mwandamizi miaka tisa. Dawa niliyoipata, kwa kuchelewa, ilikuwa kuifanya kazi yenyewe iwe utafiti: kwa kibali cha kamati ya maadili na bila kugusa jalada la mlalamikaji yeyote, niliandika kuhusu udahili, makazi ya wanafunzi na upandishaji vyeo. Pia nilidai barua ya uteuzi inayotaja muda wa miaka mitatu na kupunguziwa vipindi. Ukikabidhiwa dawati kwa maneno ya mdomo kwenye korido, usilipokee mpaka barua iandikwe. Mwanzo watakuona mkaidi, lakini barua hiyo utaihitaji.

Ruth Simmons wa Marekani ni mfano ninaoupenda katika hili. Alikuwa msomi wa fasihi ya Kifaransa, akapitia nafasi ya mkuu wa taaluma katika Chuo cha Spelman, na mwaka 1993, akiwa naibu mkuu wa taaluma katika Chuo Kikuu cha Princeton, aliandika taarifa kuhusu mahusiano ya watu wa rangi mbalimbali chuoni hapo. Mwaka 1995 akawa rais wa Chuo cha Smith, na mwaka 2001 akawa rais wa Chuo Kikuu cha Brown, Mmarekani mweusi wa kwanza kuongoza chuo cha Ivy League, kundi la vyuo vikuu vinane maarufu vya Marekani. Kazi ya ujumuishi ilikuwa sehemu ya njia yake, lakini hakuijenga njia nzima juu yake. Hapa jirani, Olive Mugenda, mwanamke wa kwanza kuwa Makamu wa Chansela wa chuo kikuu cha umma nchini Kenya, alipoteuliwa kuongoza Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 2006, alitokea kwenye unaibu wenye fedha na mipango ndani yake.

Wenzetu wa Marekani wameonja pia upande mchungu wa kusimama juu ya ofisi moja. Sheria ya jimbo la Texas iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2024 ilipiga marufuku ofisi za usawa na ujumuishi katika vyuo vya umma vya jimbo hilo. Amri za Rais za Januari 2025 zikazilenga programu hizo nchi nzima. Na Machi 2025 Chuo Kikuu cha Michigan, kilichowekeza mno katika eneo hilo, kikaifunga ofisi yake. Mazingira yetu ni tofauti, lakini mradi wa mkopo una mwisho, na mratibu ambaye mshahara wa msaidizi wake na mafuta ya gari lake hutoka kwenye mradi ajiulize mapema atakuwa nani siku mradi utakapofungwa.

Limebaki suala ambalo halizungumzwi hadharani, nalo ni maadui. Anayepokea malalamiko ya rushwa ya ngono, kosa lililotajwa katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, atawagusa watu wenye marafiki, na baadhi ya marafiki hao ndio watakaoketi kwenye kamati ya kumtafuta kiongozi. Katika chuo kimoja nilichofanyia kazi nilisikia kwamba mimi ni “mwanamke wa kesi”. Nilijitetea kwa maneno, na lilikuwa kosa. Kilichonisafisha ni utaratibu: aliyepokea lalamiko hakulichunguza, aliyelichunguza hakulitolea uamuzi, mtuhumiwa alisikilizwa kwa ukamilifu uleule wa mlalamikaji, kila hatua iliandikwa kwa tarehe, na majalada yalifungiwa kwenye kabati ambalo ufunguo wake haukuzunguka. Walikuwapo watu wawili ambao tuhuma dhidi yao hazikuthibitika na nikawaandikia barua ya kuwaeleza hivyo. Mmoja wao baadaye aliniunga mkono mbele ya Baraza la Chuo. Kuna wengine ambao hawatanisamehe kamwe, na hilo nimelikubali kuwa bei ya kazi.

Kwenu mnaoongoza vyuo sasa, nina ombi fupi. Mnapokwenda likizo au safari, mkaimishe mratibu wenu. Si kwa siku mbili za Pasaka wakati ofisi zimefungwa, bali katika wiki ambayo wanafunzi wanadai fedha za kujikimu na wanahabari wapo getini. Mimi nilikaimu ukurugenzi wa mipango kwa miezi minne kabla ya kuthibitishwa, na katika miezi hiyo nilikosea makadirio ya udahili wa shahada za umahiri, nikalazimika kusimama mbele ya kamati ya fedha na kueleza pengo. Usaili wa pili ulipofika, miaka mitano baada ya ule wa kwanza, niliulizwa tena kuhusu madeni ya wazabuni. Nilitaja kiasi, umri wa kila deni, na yale ambayo ningeyalipa kwanza.

Mratibu aliyenirithi kwenye dawati ni mhadhiri mwenye umri wa miaka 38. Kila mwaka, bajeti inapoanza kuandaliwa, tunakaa pamoja alasiri moja tukiwa na rasimu ya chuo kizima, ananionyesha vifungu ambavyo angevikata ili avipate vya kwake. Mwaka jana alitaka kukata gharama za safari za ofisi yangu. Nilibisha, lakini hesabu zake zilikuwa sahihi.