Maiki ya kondensa inapiga "shhh": kabla ya kushika bisibisi

SWALI: Nimenunua maiki ya kondensa ya bei nafuu, ile inayouzwa pamoja na sponji, stendi ya kubana mezani na waya wenye jeki ndogo ya milimita 3.5. Kwenye laptopu sauti yangu iko mbali kama niko chumba cha pili, na nyuma yake kuna "shhh" isiyokwisha. Kwenye simu ndiyo kabisa, haibadilishi kitu. Muuzaji ameshikilia kwamba ni nzima. Je, ni mbovu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Huenda muuzaji ana haki. Maiki hizi husingiziwa sana makosa ya waya na ya umeme, kwa hiyo usiifungue kwanza.

Tuanze na simu. Hesabu mistari myeusi kwenye jeki. Ikiwa ni miwili, haifai kwenye tundu la simu, linalohitaji jeki ya mistari mitatu. Ile ya miwili huunganisha njia ya maiki na athi (njia ya ardhi), simu ikaona hakuna kitu, ikaendelea kurekodi kwa maiki yake yenyewe. Hakikisha hivi: anza kurekodi, gonga maiki kwa ukucha, kisha gonga ukingo wa chini wa simu. Kinachovuma zaidi kwenye rekodi ndicho kinachofanya kazi. Dawa ni adapta ya kugawa, yenye mistari mitatu upande wa simu na matundu mawili, la maiki na la hedifoni.

Laptopu ni habari nyingine. Kondensa haifanyi kazi bila umeme, na kawaida yake ni volti 48 za fantomu, yaani umeme unaopelekwa kwenye maiki kwa waya ule ule wa sauti. Tundu la laptopu hutoa volti chache tu, kwa kawaida hazizidi 5. Maiki nyingi za bei hii huamka hata kwa hizo, lakini kinyonge. Wewe unapandisha geini (ukuzaji wa sauti) ili usikike, na hapo unapandisha pia makelele ya laptopu yenyewe. Hiyo ndiyo "shhh" yako.

Tafuta saundi kadi ya USB, kifaa cha nje cha kuingiza sauti kwenye laptopu, yenye kitufe cha 48V. Kisanduku cha fantomu peke yake ni nusu ya dawa: kinaipa maiki umeme wa kutosha, lakini sauti bado inarudi kwenye tundu lile lile dhaifu. Waya nao ubadilike, uwe na plagi ya XLR, ile kubwa ya pini tatu, pande zote mbili. Mtu akinunua saundi kadi nzuri akabaki na ule waya wa jeki ndogo, volti 48 hazifiki kwenye maiki.

Sasa pima. Weka multimita kwenye volti za DC, kipimo cha 200. Chomoa maiki, washa fantomu, gusa matundu ya plagi iliyokuwa kwenye maiki: ncha nyeusi kwenye namba 1, nyekundu kwenye 2, halafu kwenye 3. Namba zimechorwa kando ya matundu. Usomaji wa 44 hadi 52 unakubalika, ila namba 2 na 3 zilingane. Moja ikisoma 48 na nyingine sifuri, waya umekatika, na mara nyingi umekatikia ndani ya plagi pale unapokunjwa.

Na jambo la aibu kidogo: maiki hii haisikilizi kichwani. Unaongea ubavuni, upande wenye nembo. Ongea sentimita 20 kutoka upande huo, kisha kutoka upande wa pili kwa sauti ile ile. Nyuma pakisikika vizuri kuliko mbele, kiwandani kapsuli, kile kipande cha ndani kinachonasa sauti, iligeuzwa.

SWALI: Yangu inavuma "mmmm", lakini nikiishika mvumo unakata. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Umeshajitafutia jibu: ganda la chuma halijaunganishwa na athi. Zima fantomu, chomoa, subiri dakika moja kapasita (vipande vinavyohifadhi umeme) zimalize chaji. Fungua pete ya chini, vuta ganda. Pini 1 inapaswa kuunganishwa na ganda kwa waya au kibanio. Mara nyingi kibanio kipo, ila kinagusa rangi badala ya chuma. Kwangua rangi hapo kwa msasa mpaka chuma king'ae, na ufanye vivyo hivyo pale wavu unapokutana na ganda. Waya ukiwa umeachia, lehemu kwa sekunde mbili au tatu tu, maana plastiki inayoshika pini huyeyuka. Usiguse kapsuli kwa kidole.

Kama kushika hakubadilishi kitu, chomoa chaja ya laptopu. Mvumo ukiisha, maiki haina kosa. Rekodi kwa betri.

SWALI: Nikisikiliza kwa hedifoni rekodi ni nzuri, nikiicheza kwenye spika ya simu sauti inapotea. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Waya wako wa jeki ndogo unapeleka pini 2 kushoto na pini 3 kulia. Hizo mbili hubeba sauti ile ile ikiwa imegeuzwa, na spika moja ikizijumlisha zinauana. Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, tenganisha njia mbili, futa ya kulia, iliyobaki iwe mono (njia moja). Rekodi za zamani nazo zinaponywa hivyo hivyo.

Na maiki yoyote ya aina hii ikikatakata "trr-trr" wakati wa masika, huo ni unyevu. Ifungie saa 24 kwenye kopo lisilopitisha hewa, pamoja na vifuko vya silika, vile vya kunyonya unyevu. Usitumie mchele, una vumbi, wala mashine ya kukaushia nywele, huharibu utando wa kapsuli.