Swali la lugha: Je, video ina "mikato laini"?

Swali: Nahariri video za harusi, na sasa naandika maelezo ya kuwafundishia vijana wawili kazini. Nimeandika: "Mabadiliko ya pembe za kamera yawe na mikato laini." Mwenzangu anasema mkato ni alama ya koma, na laini ni ya simu. Nani yuko sahihi? Na "engo", yaani pembe kwa lugha ya mtaani, je, niache kuitumia? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Mkato kweli ni koma, lakini haukuishia hapo. Tunasema pia njia ya mkato, na nomino hiyo imezaliwa kihalali na kitenzi kata. Mkato wa video, basi, si kosa. Kinachonisumbua mimi ni hilo "laini". Kitambaa ni laini, ngozi ni laini, hata sauti. Ila ukimwambia kijana akate "mkato laini", atadhani unamtaka akate taratibu, kumbe shabaha yako ni mtazamaji asishtuke.

Enzi za filamu ya utepe, mhariri alikata utepe, kisha akaziunga ncha mbili kwa gundi au plasta. Kazi zilikuwa mbili, Kiingereza kikaipa jina ile ya kukata. Sisi tunalo neno la ile ya pili, nalo ni zuri mno kuliacha: kuunga. Mganga wa mifupa huunga mfupa, seremala huunga mbao, na fundi cherehani akiunga kitenge maua yakakutana, mshono huuoni. Hicho ndicho unachokitafuta. Mwambie kijana: "Kata hapa, unga na picha ya pili." Mahali zinapokutana paite maungio. Kiungo nalo lingefaa, ila limeshabebeshwa goti, bizari na mchezaji wa kati.

Tazama muuza kahawa. Picha ya kwanza imepigwa kwa mbali: amekaa, dele mkononi, wateja wamemzunguka. Picha ya pili iko karibu na kikombe. Ukikata kabla hajainua mkono, jicho linaona picha mbili. Ukikata dele likiwa tayari limeanza kuinama, na picha ya pili ikalipokea katika mwinamo uleule, jicho linafuata kahawa na kuyapita maungio bila kuyaona. Huku ndiko kuunga katika mwendo, na kijana wa Kiswahili ataelewa mara moja.

Sasa "mabadiliko". Neno hili limetoka kwenye badilika, yaani kitu kugeuka chenyewe: mabadiliko ya hewa, mabadiliko ya mwili. Kamera haigeuki yenyewe. Yupo aliyeihamisha na yupo aliyeamua picha ipi ifuate. Andika "kubadili pembe", mtendaji aonekane. Katika maelezo ya kazi hilo ni jambo kubwa, maana kijana anahitaji kujua kwamba uamuzi ni wake.

Pembe ni neno la darasani na la kazini pia, na faida yake ni kwamba linakuja na kipimo chake, nyuzi. Kanuni mojawapo ya uhariri husema kamera inayompiga picha mtu yuleyule isogee angalau nyuzi 30 kabla ya kukata, la sivyo picha huonekana kama imeruka. Jaribu kuisema kwa engo: "engo ya nyuzi 30" inapwaya mdomoni. Lakini mbele ya bwana harusi, "nipe engo nzuri" ni Kiswahili cha watu, na sioni sababu ya kumkataza yeyote. Engo ibaki ukumbini, pembe iingie kwenye maelezo.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Ukibadili pembe, iachane na ya kwanza kwa nyuzi 30 au zaidi, na uunge picha mkono ukiwa bado unakwenda, ili maungio yasionekane."