Barua kwa mwanangu aliyeko Arusha

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu Upendo,

Salamu kutoka nyumbani. Baba yako hajambo, ila goti linamsumbua akishuka mteremko. Migomba imezikubali mvua. Ujumbe wako niliusoma nikiwa kwenye cherehani, na mteja amesimama pembeni anasubiri suruali yake ipunguzwe, nikaona swali kama lile halijibiwi kwa simu.

Uliuliza hivi: "Mama, inawezekana kumpenda Yesu bila kufanana na watu wake?" Ukaeleza kwamba kwenye kikundi chenu cha vijana wanasema maombi yako ni ya baridi kwa sababu hupazi sauti, kwamba rasta zako zinawakwaza, na kwamba Jumamosi zile unazokaa pale soko la Kilombero na daftari lako, ukichora wauza nyanya na watu wa mikokoteni, ungefaa uwe kwenye mazoezi ya kwaya. Mwisho ukaandika, tena kwa ufupi sana, kwamba unafikiria kuachana nao wote uwe unasali mwenyewe chumbani kwako Sakina.

Kwa lile swali, jibu langu ni ndiyo, inawezekana kabisa. Kwa hilo la chumbani, hapana.

Nianze na maombi, maana hapo ndipo walipokuumiza. Fungua Samweli wa Kwanza, sura ya kwanza. Hana yuko Shilo anaomba, midomo inacheza na sauti haisikiki. Eli amekaa mlangoni, anamtazama, anaamua kwamba mama huyu amelewa, anamkemea aache divai. Huyo ni kuhani, mtu ambaye kuyatambua maombi ndiyo kazi yake! Hana hakuanza kupiga kelele ili Eli aridhike, wala hakususa akaenda zake. Alimjibu kwa heshima kwamba hakunywa kitu, alikuwa anaimimina roho yake mbele za Bwana. Eli akageuza maneno pale pale, akambariki. Hiyo sehemu ya mwisho huwa tunaipita haraka. Eli alisahihishika kwa sababu Hana alibaki akamweleza. Wewe, mama, ulinyamaza kule, ukaja kunieleza mimi niliye Moshi.

Halafu hilo la kuchora. Unakumbuka Katekisimo Ndogo ulivyokuwa unaikariri wakati wa kipaimara, unazunguka nyumba hadi majirani wakaijua? Luther aliitoa mwaka 1529, baada ya kutembelea sharika kwao na kukuta watu wazima hawajui hata Sala ya Bwana. Aliwaandikia watu wa kawaida, na ndiyo maana maelezo yake ya ile sehemu ya kwanza ya Imani ya Mitume yamekaa kikawaida hivyo: Mungu ameniumba mimi pamoja na viumbe vyote, amenipa mwili na roho, macho na masikio, akili, na tena nguo na viatu, chakula, nyumba, shamba, mifugo. Viatu, Upendo! Kwenye maelezo ya imani ya Kanisa kumewekwa viatu. Sasa kama viatu vimo, macho yako yanayoona jinsi muuza nyanya anavyopanga fungu lake, kubwa mbele na zilizobonyea nyuma, yatakosekanaje? Na ukisoma Kutoka 31 utamkuta Bezaleli, ambaye Mungu anasema amemjaza roho yake. Hakuwa nabii wala mwimbaji. Alikuwa fundi wa kuchonga na kutia nakshi.

Mimi lakini, kama mama, hainisumbui sana unachofanya Jumamosi. Nataka kujua ya Jumatatu. Wewe ni mhasibu kwenye kampuni ya utalii, na mwezi wa sita magari yanaanza kutoka kila alfajiri. Wagumu, wale wabeba mizigo ya wageni, wakishuka mlimani, malipo yao yanapitia mezani kwako. Ukihakikisha mgumu aliyebeba mzigo wa mgeni mpaka juu analipwa akishafika chini, haambiwi arudi wiki ijayo, hiyo ni ibada. Yeye hatakuuliza unaomba kwa sauti gani. Kikundi chenu sijasikia kikikuuliza habari hiyo, na kwangu mimi hilo ni pungufu kubwa kuliko rasta zako.

Sasa nikupe ya bibi yako, ambaye umerithi jina lake. Ule uamsho ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, ukapita Uganda na Bukoba, ulipofika huku mlimani ulimkuta ameolewa juzi tu. Kwenye ukoo wa babu yako mwanamke alipimwa kwa mbege yake, ile pombe ya ndizi, na hakuna jambo lililokwenda bila mbege, si posa, si msiba, si kusuluhisha mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Bibi yako akaokoka, akasema hapiki tena. Walidhani amerukwa akili. Wazee wakamletea isale, jani la kuombea msamaha, na unajua mtu akikuletea isale huwezi kulikataa. Alilipokea lile jani, akawasamehe wote waliomtukana, kisha akawapikia chai. Hilo nililisikia kwa babu yako mwenyewe, na alikuwa analisimulia kwa majivuno ingawa ndiye aliyekosa kinywaji siku hiyo.

Kwa hiyo damu ya kusimama peke yako unayo. Uamsho ulisema ukoo hauwezi kukuokokea, wala mume, wala jina la ubatizo. Kila mtu asimame mwenyewe mbele za Mungu, atubu mwenyewe. Hata leo naamini hivyo. Lakini nilipoolewa nilimkuta bibi yako na wenzake tayari wana utaratibu mwingine kabisa. Aliyeokoka havai hereni. Hasuki. Ushuhuda unasemwa kwa mpangilio ule ule, nilikuwa hivi, nikasikia neno, nikavunjika, na ukiruka hatua wanatazamana. Nilimpenda mama mkwe wangu, nilimwogesha mpaka siku yake ya mwisho, na bado nasema: watu walioanza kwa kutaka kila mmoja asimame mwenyewe, walifika mahali wakawa wanakaguana masikio. Hawa wa kwenu Arusha ni wajukuu wao. Zamani walikagua masikio, sasa wanasikiliza nani amepaza sauti.

Upande wa pili kulikuwa na Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuondoka moja kwa moja mwaka 1938, muda mrefu akiwa Old Moshi. Yeye alishikilia kwamba ukoo, ujirani na rika ni zawadi za Mungu, na kwamba Kanisa likimng'oa mtu huko litabaki na mtu nusu. Vijana wake wa kipaimara aliwaunganisha katika vikundi vidogo, kwa mfano wa rika, kila mmoja amwangalie mwenzake. (Mjerumani anawafundisha Wachaga habari za ukoo. Haya.) Walikuwepo waliomlaumu kwamba anayapenda ya kale kuliko wenyeji wenyewe, ambao wakati huo walishaanza kuuza kahawa na walikuwa wanataka shule. Lawama hiyo naielewa. Lakini kwenye hili la kuangaliana namkubali kuliko ninavyomkubali mama mkwe: hakuna anayekaa ndani ya imani miaka mingi bila mtu wa kumuuliza, mbona sikukuona?

Sijaona haja ya kuchagua kati yao, kwa sababu ile Katekisimo yako imewaweka wote wawili kwenye maelezo ya sehemu ya tatu. Roho Mtakatifu ameniita mimi kwa Injili, ndivyo inavyosema. Na ndivyo hivyo anavyoita, anavyokusanya na kulitakasa Kanisa lote duniani. Aliyekuita wewe kwa jina ndiye huyo huyo anayekukusanya na hao wanaokuudhi.

Nikwambie ya kazini kwangu. Wewe unajua nimeshona sare za kwaya ngapi. Siku hizi viongozi wanapenda kunitumia orodha kwenye simu, kubwa kadhaa, za kati kadhaa, ndogo kadhaa, kwa sababu ni rahisi na bei inapungua. Nakataa. Nasema waje kibarazani mmoja mmoja nipitishe futi. Bega la kushoto la yule mama wa sauti ya pili limeshuka kwa kubeba ndoo toka utotoni. Mwingine kifua ni kipana na kiuno hakipo. Mwingine ananyonyesha, lazima nimwachie nafasi na zipu mbele. Kila mmoja anaandikwa kwenye daftari, mabega, kifua, kiuno, urefu, halafu wote wanakatiwa kwenye jora moja. Jumapili wakisimama, waliokaa kwenye mabenchi wanaona rangi moja. Zile nilizowahi kuziona zimeshonwa kwa orodha, utawajua tu wenye nazo: mmoja anavuta shingo, mwingine hawezi kuinua mkono, na mwezi wa pili nusu yao wanasema sare iko kwa dobi.

Kikundi chenu kinakuvisha vazi la mwili wa mtu mwingine. Kukataa una haki, nami nakuunga mkono. Ila usiseme basi nitakaa bila nguo.

Maana chumbani Sakina utaomba vizuri, sina shaka. Utakuwa na utulivu, Biblia yako na chai yako. Na kila utakayemkuta humo utakubaliana naye, kwa sababu ni wewe. Leo baada ya ibada tulitoka nje kwenye mnada kama kawaida, mayai, maparachichi, kuku mmoja mwenye hasira. Jirani yetu yule wa upande wa mfereji, tuliyenuniana naye kwa habari ya mpaka, alinipandia bei kwenye mkungu wa mshare. Nikaongeza, akaongeza. Nikaona ananikomoa mbele ya usharika wote. Akaununua, akalipa, kisha akamwambia mzee wa kanisa mkungu upelekwe kwetu, kwa sababu amesikia mzee wangu anaumwa goti na mtori utamfaa. Sikujua niseme nini. Mpaka bado hatujaumaliza, usidhani tumeshapatana. Lakini mtori tumekula, na mtu huyo nisingemchagua kamwe kusali naye.

Kuna jambo lingine, nalo hutalipenda. Katika ujumbe wako mrefu, wenzako umewataja mara nyingi kuliko ulivyomtaja Yesu. Huyu anaomba hivi, yule kavaa vile, wote wanafanana, mimi sifanani nao. Mtu anayejitahidi kufanana na watu na mtu anayejitahidi kutofanana nao wote wanawatazama watu hao hao. Mwisho wa Yohana, Petro ameshaambiwa atakavyokufa, anageuka anamwona yule mwanafunzi mwingine nyuma, anauliza, Bwana, na huyu je? Yesu anamjibu kwa ukali kidogo: imekupasa nini? Wewe unifuate mimi. Wanaokuuliza habari za nywele zako wanahitaji jibu hilo. Na wewe unalihitaji.

Sasa ya kufanya. Rasta zako mimi sizipendi, lakini hayo ni ya macho yangu, hayahusu wokovu wako. Usizikate kwa ajili yangu wala kwa ajili yao. Kwenye kwaya, kama huipendi, toka. Hujawahi kupenda kuimba tangu mtoto, ulikuwa unafumbua mdomo tu na mimi nilikuwa naona. Ila umwambie mwenyekiti uso kwa uso, usijitoe kwenye kundi la simu usiku halafu ukanyamaza. Jumamosi endelea kuchora. Mkesha nenda siku moja moja, ukae kimya katikati yao, waizoee sura yako.

Na huyo kiongozi aliyesema maombi yako ni baridi, mtafute wiki hii. Usiende na hasira wala na aya za kumpiga nazo. Mwambie kama Hana, kwa adabu: mimi naomba hivi, na hiki ndicho ninachomwambia Mungu wakati ninyi mnadhani sisemi kitu. Kama ni mtu wa Mungu ataelewa. Asipoelewa, tafuta usharika mwingine hapo hapo Arusha, si haba zilivyo nyingi, na uniambie umeenda wapi. Baba yako ataulizia, unamjua.

Ubatizo wa mtoto wa kaka yako ni Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, ibada ya kwanza. Uje Jumamosi, usitegemee basi la asubuhi.

Mama yako