Simu yangu haijawahi kuninunulia chai

Mhariri, wiki hii umeuliza nani anatuchagulia muziki na muvi siku hizi, simu ama marafiki. Kwangu ni marafiki, na sababu ni moja tu, simu ikinipendekezea kitu kibovu haininunulii chai.

Wacha nieleze hio ya chai. Tuko watu watano, tunakutana kwa kibanda cha fundi wa simu hapa Kondele, Kisumu, ile saa watu wanatoka kazi na boda zimejaa barabarani hadi lazima upaze sauti ndio usikike. Tunakalia kreti za soda. Kuna Fundi mwenyewe, kuna Mwalimu ambaye alistaafu kitambo lakini akikusahihisha Kiswahili bado unasimama wima, kuna dada mmoja wa Nakuru aliolewa huku, halafu mimi na mdogo wangu. Sheria ni kwamba ukisifu wimbo ama muvi na wengine wakaona ni takataka, chai ya watu wote na mandazi ni juu yako. Mwaka huu mi nimelipa mara sita, na moja kati ya hizo nilionewa waziwazi.

Ilikuwa hivi. Nilileta KMRU, yule kijana wa Nairobi anayerekodi sauti za mahali alipo, anazivuta anazirefusha hadi zinakuwa muziki, hakuna ngoma, hakuna mtu anaimba. Hedifoni ilikuwa moja, ya waya, sikio moja langu na lingine la Fundi. Fundi akasikiza dakika mbili nzima akiwa bado ameshika kile chuma cha moto cha kuchomea waya, akanigeukia akasema, "Omera, hii ni friji ya bucha." Basi. Watu walicheka hadi mama wa chai akaja bila kuitwa.

Lakini yule dada wa Nakuru hakucheka, aliuliza hio KMRU inaandikwa aje, nikamwambia, akasema si hio ni Kamaru imetolewa vokali. Na ni kweli, jina lake ni Joseph Kamaru, sawasawa na la babu yake, yule Kamaru mkubwa wa nyimbo za Kikuyu aliyefariki 2018, ambaye kanda zake dada alikuwa anazisikia kila asubuhi kwa pikapu ya baba yake wakipeleka viazi sokoni. Na huyu mjukuu wa friji ndiye amekuwa akizirudisha nyimbo za babu huko Bandcamp, ule mtandao wa kuuza muziki! Mi nilikuwa nimemsikiza huyo kijana miezi mitatu na simu yangu haikuniambia ata siku moja kwamba ana babu. Jioni hio tukamsikiza mzee, Fundi akatingisha kichwa hadi akasahau kioo cha mtu juu ya meza. Pesa yangu ya chai haikurudi lakini.

Muvi sitaongea sana juu hapo tunapigana. Mdogo wangu yeye ni zile za nje DJ Afro ameziongelea juu kwa Kiswahili tu, risasi na vicheko, na sioni makosa. Dada ndiye alileta ile ya Nawi ya 2024, ya msichana wa Turkana anayetaka kwenda sekondari na babake anataka kumwoza. Mwalimu alikataa mwanzo, akasema muvi za kufundisha watu adabu amezichoka, yeye amefundisha miaka yote hio. Aliiona hadi mwisho. Hakuna mtu alilipa chai siku hio, na Mwalimu aliondoka mapema bila kuaga, kitu hajawahi fanya.

Ile yenyewe nilitaka kuwaambia ni ya Kothbiro. Mdogo wangu alikuwa anacheza albamu ya Kanye West ya 2018 kwa spika ndogo ya Fundi, sisi wengine tunaongea mambo yetu, Mwalimu akaweka kikombe chini akasema, "Rudisha hapo." Akarudisha. "Tena." Akarudisha tena. Mwalimu akaanza kuimba na hio sauti iliyo chini ya ngoma, na ngoma ikaendelea mbele na yeye akabaki na wimbo wake, kwa Dholuo, hadi mwisho. Hio sauti Kanye aliichukua kwa Kothbiro, maana yake mvua yaja, wimbo wa Black Savage, bendi ya Kenya ya miaka ya 70, na mmoja wao alikuwa Ayub Ogada, mchezaji wa nyatiti aliyekuja kuurekodi tena peke yake na nyuzi zake nane, toleo ambalo liliingia kwa ile filamu ya The Constant Gardener ya 2005. Ogada alifariki 2019 hapa hapa Kisumu. Mdogo wangu, mzaliwa wa Kondele, alikuwa anadhani huo wimbo ni wa Kanye.

Nilipofika nyumbani nikaandika kwa simu "mvua inakuja". Ikanipa sauti ya mvua ya kulalia, masaa kumi. Nikalala nayo ikicheza, na tangu hapo simu inaamini mi ni mtu wa mvua, kila asubuhi mvua, radi, mvua kwa mabati. Simu inajua kitu kimecheza hadi mwisho, haijui kama nilikuwa macho.

Sasa kilio changu. Mwalimu akiimba nilimrekodi, dakika nne hivi, nikaiweka kwa memori kadi ya GB 128 niliyonunua kwa mchuuzi pale steji kwa bei ya kunifurahisha. Juzi nafungua, jina la faili liko, tarehe iko, haichezi. Fundi akaichomoa, akaiingiza kwa laptopu yake, akaijaza mafaili hadi juu kisha akajaribu kuyasoma moja moja. Kadi ni ya GB 8 tu, imechezewa ndani iseme 128, kwa hivyo ikijaa inaendelea kupokea kama kawaida lakini vitu vinaandikwa juu ya vingine ama vinapotea tu, na wewe unaona majina ukidhani uko sawa. Akaniambia kadi mpya kabla uweke kitu cha maana ijaze kwanza uisome. Asante Fundi, ungesema mapema.

Nimemwomba Mwalimu aimbe tena. Amekubali, ila amesema kwa kuwa mimi ndiye nilimsifia kila mtu hio kadi, sheria ni sheria, chai kwanza, na yake iwe na mandazi mawili.